Kopo au Mizani? Barua za Wenye Magobore

Kamwene, wasomaji wangu. Toleo lililopita niliandika mistari michache kuhusu kusafisha gobore kwa maji moto na sabuni, nikadhani nimemaliza. Barua zilizoingia hazikugusa sabuni hata kidogo. Zote zinauliza kipimo: baruti ipimwe kwa kopo au kwa mizani? Nimetunza ghala la silaha la askari wa wanyamapori kwa miaka 27, na swali hili nimeliona likiwagonganisha vichwa hata watu waliozeeka na bunduki mkononi. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kwa sababu aliyeiandika yuko hatarini sasa hivi.

*Shikamoo Mzee. Mimi ni mkulima wa viazi na ngano huku Makete, nina miaka 46. Gobore ninalo kwa leseni, nalitumia kulinda shamba. Marehemu baba alikuwa akipima baruti kwa ncha ya pembe ya swala aliyoichimba mwenyewe. Mwaka jana pembe ile ilipasuka ubavuni, nikachonga kipimo kingine kwa mwanzi wa ulanzi, urefu uleule. Tangu hapo gobore linanisukuma bega kuliko zamani na moshi umezidi. Mwanangu wa kidato cha tatu anasema kopo ni mambo ya wazee, nitafute mizani. Nimejaribu mizani ya dukani kwa jirani, mshale haukutikisika. Kipi sahihi? – Mkulima, Makete*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, liweke chini hilo gobore. Usilijaze tena mpaka umalize kusoma jibu hili na kufanya nitakayokuambia. Bunduki ya kushindilia ikibadilika tabia ghafla huwa kuna sababu, na sababu yako nadhani ninaiona kwenye barua yako mwenyewe, kwenye yale maneno mawili: urefu uleule.

Kopo halipimi urefu. Linapima nafasi iliyo ndani, na nafasi hiyo huongezeka kwa upana kuliko mtu anavyotazamia. Tuseme tundu la pembe ya baba lilikuwa na upana wa milimita 14, na mwanzi wako una milimita 16. Kwa macho ni vitu sawa. Lakini upana huo huzidishwa kwa wenyewe: 14 mara 14 ni 196, 16 mara 16 ni 256. Kwa urefu uleule, mwanzi wako unabeba karibu theluthi moja zaidi ya pembe. Mwanao wa kidato cha tatu ataifanya hesabu hiyo kwenye kiganja. Pembe nayo huchongoka kuelekea nchani, kwa hiyo huenda tofauti ni kubwa kuliko hiyo.

Usitumie baruti kuhakikisha. Tumia ulezi. Chukua ile pembe iliyopasuka, funga ubavu kwa utepe wa gundi, ijaze ulezi mkavu uliopepetwa, pitisha kisu juu ili ufutike sawa na mdomo. Mimina ulezi huo kwenye mwanzi. Ukiona umebaki chini ya mdomo wa mwanzi, pale juu palipo wazi ndipo baruti ya ziada imekuwa ikikaa. Punje ya ulezi ni ndogo, ya mviringo, inateleza na kujipanga vizuri. Nimeitumia mimi mwenyewe kulinganisha vipimo, na hata ikimwagika kwenye mkeka haimdhuru mtu.

Sasa kopo na mizani. Wewe ni mtu wa viazi, kwa hiyo unajua tayari, ila hujaihamishia kwenye baruti. Mnunuzi anapokuja na gunia la lumbesa, mnagombania nini? Gunia ni moja, lakini kilichomo ndani si kimoja, kwa sababu wameshindilia, wameshona kichwa juu, wamepachika viazi vikubwa chini na vidogo katikati. Ndiyo maana serikali inataka mizani sokoni. Nyumbani kwangu Kihesa nilipima debe la mahindi makavu lililofutwa, likawa kilo 15 na nusu. Debe lilelile la kilele lilikaribia 18. Debe halikuongopa, mjazaji ndiye aliyebadilika.

Na kinachoungua ndani ya mtutu ni uzito wa baruti. Hapo mwanao yuko sahihi. Greni, kile kipimo ambacho wenye magobore duniani kote wanakitaja, ni kipimo cha uzito tangu asili yake. Kilitokana na uzito wa punje ya shayiri. Greni 7000 ni pauni moja, na greni moja ni gramu 0.0648. Baruti ya gobore kwa mlipuko mmoja ni gramu chache tu, ndiyo maana mizani ya dukani, iliyotengenezwa kupimia sukari na maharage, haikuiona.

Lakini mwanao anawakosea wazee. Mtu aliye porini, mvua ya Makete inamnyeshea, hawezi kutandika mizani juu ya kisiki. Kwa karne nyingi watu walipima kwa kopo, na kopo lilifanya kazi kwa sababu moja: baruti nyeusi ya kiwandani hutengenezwa ili iwezekane kupimwa hivyo. Unga wake hushindiliwa kuwa tofali gumu la uzani unaojulikana, tofali huvunjwa, chembe huchekechwa kwa nyavu za ukubwa maalumu, kisha huzungushwa kwenye pipa zing'are, na mara nyingi hupakwa grafiti ziteleze. Kazi yote hiyo hufanya kopo la leo liwe na uzito wa kopo la jana. Mtu alishatumia mizani kiwandani kwa niaba yako. Kopo lako linamtegemea yeye.

Na hapo ndipo baruti ya kienyeji inapotoka nje ya mazungumzo haya kabisa. Iliyosagwa nyumbani haina tofali, haina nyavu, haina uzani mmoja. Leo ni unga, kesho ni mabonge. Kopo haliwezi kuisema ukweli. Na mizani pia haiwezi, kwa sababu gramu nne za unga usiolingana huungua kwa kasi nyingine na gramu nne za unga mwingine. Ni kosa la jinai na imewaua watu. Sitaijadili zaidi ya hapo, na wanaoniandikia wakitaka mchanganyo wasipoteze karatasi.

Turudi kwa baruti halali. Niliwahi kukaa mezani asubuhi, madirisha wazi, hakuna moto wala sigara wala kibatari ndani ya nyumba, nikiwa na kipimo cha shaba kinachoongezwa na kupunguzwa kwa kuvuta kijiti chenye namba. Nikakiweka kwenye 60, yaani greni 60. Nikamimina taratibu kutoka kwenye pembe, nikafuta juu, nikapima kwenye mizani ndogo ya gramu. Mara kumi. Uzito ulicheza kati ya gramu 3.74 na 3.80, maana yake kama greni 58 na ushee. Tofauti ya juu na chini haikufika greni moja. Halafu nikabadilisha jambo moja tu: kila nilipomimina, niligonga ubavu wa kipimo kwa kucha mara kumi, chembe zikashuka, nikajazia. Uzito ukapanda hadi gramu 4.08, yaani greni 63. Kipimo kilekile, baruti ileile, namba ileile kwenye kijiti, mkono uleule. Ukucha tu.

Kwa hiyo nikiulizwa kopo au mizani, jibu langu ni hili. Shambani tumia kopo, na ulijaze kwa namna moja siku zote: ama unagonga siku zote, ama hugongi kamwe. Nyumbani tumia mizani kulikagua kopo, mara kumi, kila unapofungua mkebe mpya wa baruti. Ukibadilisha kiwanda, kagua tena, maana baruti ya Uswisi kwa mfano huwa nzito kidogo kuliko nyingine kwa ujazo uleule. Ukibadilisha ukubwa wa chembe, kagua tena. Kwenye mkebe utaona herufi F. Kadiri F zinavyozidi ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo. F moja ni chembe kubwa za mizinga na mitutu mipana sana, mbili ni za magobore mapana, tatu ni za mitutu myembamba na bastola, nne ni unga wa kutia kwenye kifa, pale moto unapoanzia, cha bunduki za gumegume, zile za jiwe la cheche. Chembe ndogo huungua haraka na kupandisha shinikizo. Aliyezoea FF akaweka FFF kwa kopo lilelile hajaweka kitu kilekile, hata mizani ikimwambia uzito ni mmoja.

Mizani nayo ina uongo wake, hasa kwetu huku kwenye ukungu. Baruti iliyonyonya unyevu ni nzito kwa sababu ya maji. Ukiipima gramu nne, sehemu yake ni ukungu wa Makete. Ikishikana mabonge, usiivunjevunje na kuirudisha kazini.

Kuhusu ule mwanzi, uchome kuni. Mwanzi uliokatwa mbichi husinyaa ukikauka na kupasuka ukipigwa jua. Tafuta kipimo cha shaba chenye namba. Na usimimine kamwe kutoka kwenye pembe kubwa ya baruti moja kwa moja mtutuni, hata ukiwa na haraka ya nguruwe pori. Baruti nyeusi huacha zaidi ya nusu ya uzito wake kama masizi na majivu, na ndani ya masizi hayo kaa dogo linaweza kubaki linawaka. Likishika kilichomo kwenye kipimo, utaungua mkono. Likishika pembe nzima iliyo mkononi, hutakuwepo kusimulia. Hilo ndilo kazi ya kwanza ya kopo, kabla hata ya kupima: kuutenga moto na ghala.

Umeniuliza pia, mwishoni mwa barua ambayo sikuichapisha yote, nikupe namba ya kujaza. Sikupi. Sijauona mtutu wako, sijui upana wake, sijui kutu imekula kiasi gani tangu baba yako alipolipata. Hata pembe yake ilikuwa kipimo cha mtutu ulipokuwa na nguvu zake. Lipeleke kwa fundi wa bunduki mwenye leseni achungulie ndani kwa taa, na uende na kitabu chako cha leseni. Nakuomba sana ufanye hivyo wiki hii.

*Babu, shikamoo. Kijana wangu yuko masomoni Marekani, jimbo la Indiana. Amejiunga na watu wanaopiga shabaha kwa bunduki za kizamani kama magobore ya huku. Kanitumia picha kafurahi, lakini nina wasiwasi. Anasema rafiki zake wanapima kwa kikombe cha namba 80, yeye amenunua mizani ya elektroniki anapima greni 80 kamili ya baruti iitwayo Pyrodex, kwa sababu mizani ni sahihi zaidi. Mimi sijui bunduki, nilitaka tu kujua kama ni salama. Ndaga fijo. – Mama wa watatu, Tukuyu*

Marahaba mama, na ndaga kwa kuandika. Mpigie simu leo. Mwambie hivi, na umsomee kama yalivyo: Pyrodex haipimwi kwa mizani.

Nitakueleza kwa nini, ili naye akikubishia uwe na la kujibu. Pyrodex si baruti nyeusi. Ni mbadala wake, imetengenezwa iwe nyepesi na yenye kujaa. Kikombe kikijazwa baruti nyeusi ya greni 80, kikombe hichohicho kikijazwa Pyrodex kitakuwa na uzito wa kama greni 57 tu. Waliotengeneza walikusudia hivyo. Walitaka mtu mwenye kikombe cha babu yake akitumie kilekile bila hesabu, kikombe kwa kikombe, na nguvu iwe karibu sawa. Sasa kijana anapoweka greni 80 kwa mizani, anaweka kilichotakiwa kujaza kikombe cha kama 112. Amezidisha kwa sehemu mbili katika kila tano, na mizani yake inamwambia amefanya sahihi kabisa.

Wewe mama huhitaji kujua bunduki kuelewa hili. Ukiambiwa mapishi ya vikombe viwili vya unga wa ngano, ukaenda kupima uzito wa vikombe viwili vya mchele, kisha ukaweka unga wa uzito huo, chapati zitakuwaje? Neno greni kwenye kikombe chake limeandikwa kwa mazoea. Maana yake ni nafasi ambayo baruti nyeusi ya greni 80 ingeikalia. Si uzito wa chochote utakachokitia humo.

Kuna nyingine inaitwa Triple Seven. Hiyo nayo hupimwa kwa kikombe, lakini ina nguvu zaidi, na watengenezaji wake husema kikombe kipunguzwe kwa asilimia 15 mtu akitaka nguvu iliyo sawa na ya baruti nyeusi. Kwa hiyo hata kikombe kwa kikombe si kanuni ya kila baruti. Maelezo yapo ubavuni mwa mkebe na kwenye kijitabu cha bunduki. Ayasome yote mawili, na penye namba ya juu kabisa asiifikie kwa kuwa tu imeandikwa.

Wala usimkataze, mama. Indiana ndiko kuliko mji mdogo uitwao Friendship, yalipo makao ya chama cha taifa cha wapiga bunduki za kushindilia cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1933. Watu wa huko wamelishughulikia jambo hili maisha yao yote. Mwambie amtafute mzee mmoja kwenye uwanja wao, asimame pembeni yake siku nzima, aangalie mikono. Kijana anayenunua mizani kwa hela yake ili awe sahihi ana moyo mzuri. Amekosa mtu wa kumwonyesha tu.

*Mzee, habari za siku. Niko Chunya kwenye dhahabu. Mizani ninayo nzuri ya kupimia dhahabu, inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Ndugu yangu ana gobore la leseni, nataka nimpimie baruti yake. Nifanyeje kupata greni? Halafu, baruti tunayolipulia miamba huku inaweza kufaa kwenye gobore ikipimwa vizuri? – Mchimbaji, Chunya*

La pili kwanza. Hapana. Haifai ikipimwa vizuri, haifai ikipimwa vibaya, haifai ikiwa kidogo. Lugha yetu imeviita vitu viwili jina moja, na jina hilo limewazika watu. Baruti ya gobore huungua haraka sana na kusukuma. Baruti ya kupasulia miamba haingoji kusukuma. Inavunja palepale ilipo, ndiyo kazi mliyoinunulia. Ukiilipua ndani ya mtutu itauchukulia mtutu kama mwamba. Na kuitoa mgodini ni kosa kubwa kwa sheria.

Naongeza na ile nyingine ambayo hukuiuliza, maana najua itafuata. Ile baruti ya ndani ya risasi za shotgun na rifle, isiyo na moshi, nayo isiguse gobore. Mwaka mmoja tuliletewa ofisini mtutu uliochanika toka kwenye kifa hadi shubiri mbili mbele, chuma kimefunuka kama ganda la ndizi. Mwenyewe alikuwa hospitali, vidole vitatu vya mkono wa kushoto havipo. Alikuwa amepasua risasi za shotgun, akamimina unga wake kwenye kopo lake la kila siku, akafuta juu kwa uangalifu kama alivyofundishwa. Kipimo chake kilikuwa sahihi. Nilimtembelea wodini na kitu alichonirudia kuniambia ni hicho, kwamba alipima. Niliutunza mtutu ule ghalani, na kila askari mpya aliyeingia nilimpa aushike kwanza kabla ya kushika kingine chochote.

Sasa mizani yako. Gramu moja ni greni 15.43. Ukisoma gramu 3.24 ni greni 50, gramu 3.89 ni 60, gramu 4.54 ni 70. Wewe wa dhahabu utapenda hili: kuna wakia mbili, ya dhahabu yenye gramu 31.1 na ya vitu vya kawaida yenye gramu 28.35, na watu hukosea kati yake. Lakini greni ni ileile moja pande zote mbili. Wakia ya dhahabu ina greni 480, ya kawaida ina 437 na nusu. Kwa hiyo ukiongea greni huwezi kuchanganya.

Mizani hiyo itamfaa ndugu yako kwa kazi niliyomweleza mkulima wa Makete: kukagua kopo, mara kumi, kisha kopo linakwenda shambani na mizani inabaki. Mpimie mbali na mnapochomea dhahabu, mbali na jenereta, na sahani iwe safi. Nimeona mizani za wachimbaji zenye mabaki ya zebaki pembeni ya sahani. Na ndugu yako awepo mwenyewe, kwa sababu leseni ni yake, si ya familia.

*Shikamoo Babu. Mimi ni mtembeza watalii hapa Iringa mjini. Kwa bibi yangu upande wa Kalenga kuna kichupa cha shaba nyekundu, umbo kama peasi, kina mdomo wenye kishikizo cha kubonyeza, chini yake kimeandikwa Sheffield. Mdomoni kuna namba 2½, 2¾ na 3. Mgeni mmoja aliniambia ni cha baruti, namba ni inchi. Nimepima kwa rula, si inchi. Ni nini? Ukikitikisa kuna kitu kinacheza ndani. – Mtembeza watalii, Iringa*

Marahaba, mjukuu wangu. Umefanya vema kupima kwa rula kabla ya kuamini.

Ni chupa ya baruti kweli, na Sheffield ya Uingereza ilitengeneza nyingi za namna hiyo karne ya 19. Namba ni dramu. Dramu ni kipimo cha uzito cha Kiingereza, 16 hufanya wakia moja, na kila dramu ni greni 27 na theluthi. Kwa hiyo 2½ ni kama greni 68, na 3 ni greni 82, gramu 5.3. Mdomo wenyewe ndio kopo: mwenye bunduki aliziba mdomo kwa kidole, akaigeuza chupa kichwa chini, akabonyeza kishikizo, mdomo ukajaa, akaachia, kishikizo kikafunga mlango kati ya mdomo na tumbo la chupa. Kwa kuusogeza mdomo kwenye namba nyingine, nafasi iliongezeka au kupungua. Utaona basi kwamba hata wao, waliokuwa na viwanda vya mizani katika miji yao, waliandika uzito na kupima nafasi. Wageni wako waambie hivyo, watakikumbuka kuliko tarehe.

Lakini hicho kinachocheza ndani kinanisumbua. Baruti nyeusi haizeeki kama mahindi. Ikikaa kavu, miaka mia haiimalizi. Usikitikise tena, usikipeleke kwenye kundi la watalii, usijaribu kukifungua kwa koleo, na kisikae jikoni kwa bibi juu ya dari palipo moto na moshi. Mwambie bibi, kwa adabu zote, kihamie chumba kisicho na moto mpaka nifike. Kama katika nyumba hiyo kuna gobore la zamani lililosahauliwa, lisiguswe pia, maana mengi niliyoletewa yalikuwa bado yamejazwa, na nilijua kwa kutumbukiza mdeki, ile fimbo ya kushindilia, na kuona umeishia shubiri moja kabla ya mwisho wa mtutu. Hilo ni la polisi kulipokea, nami nitafuatana nanyi kituoni.

Chupa tutaijaza maji. Baruti ikilowa hadi ikawa uji haiwaki, na shaba haidhuriki na maji ya siku moja. Tutamimina uji huo kwenye ndoo, tutaisuuza mara tatu, tutaianika. Jumamosi ya kwanza baada ya toleo hili kutoka nitakuwa kituo cha daladala cha Kalenga saa tatu asubuhi, nikiwa na ndoo, pakiti ya ulezi na mizani yangu. Ikishakauka tutaujaza mdomo ule ulezi kwenye 2½, kisha kwenye 3, na utaona kwa macho yako robo mbili za dramu zina ukubwa gani.